Umeme wa gari la zamani: kutafuta hitilafu nyumbani kabla ya kununua betri nyingine

Gari likigoma asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Jirani atasema betri, bodaboda anayepita atasema betri, na muuza betri, kwa sababu zake, atasema betri. Kuna siku wanapatia. Kuna siku nyingine betri mpya inafungwa, gari linawaka, watu wanapongezana, na baada ya wiki mbili limelala tena, kwa sababu kilichoiua betri ya kwanza bado kimo ndani kinaendelea na kazi yake.

Nazungumzia magari tuliyo nayo wengi: Corolla 110, Carina TI, Mark II Grande na ndugu zao wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Uzuri wa magari haya ni kwamba umeme wake unafuatika. Unatoka betri, unapita fyuzi, swichi na pengine rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), unafika kwenye kifaa, kisha unarudi betri kupitia bodi la gari. Kwa hiyo kabla hujafungua hata skrubu moja, jiulize: ni vitu gani vimekufa pamoja, na vinakutana wapi? Geji za dashibodi zikifa siku moja na taa za rivasi, usihangaike na dashibodi. Katika Toyota nyingi za wakati huo vyote viwili vinalishwa na fyuzi moja iliyoandikwa GAUGE, na mara nyingi iliyoiunguza ni waya wa swichi ya rivasi uliochubuka pale juu ya gia boksi.

Vifaa ni vichache: mita ya umeme ya kidijitali ya bei nafuu, taa ya kupimia yenye klipu, spana namba 10, msasa laini, brashi ya waya na fyuzi za akiba. Fyuzi za visu zina rangi zake dunia nzima: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Usiweke ya njano pahali pa nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua.

Ukifungua nyaya za betri, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche ambazo hutazisahau. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa, maana inatoa haidrojeni.

Unageuza swichi, kimya

Angalia dashibodi. Ikiwa hakuna taa hata moja, shika vichwa vya waya kwenye betri na uvizungushe kwa mkono. Kikicheza, umeshapata. Wengine wanapigilia msumari kati ya teminali (kibanio cha waya) na kichwa cha betri ili kibane. Utaendesha nao, lakini chuma kinagusana sehemu ndogo tu na pale patapata joto. Fungua, mwagia maji ya moto ule unga mweupe au wa kijani, sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi au mafuta ya mgando juu yake. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa, Unguja na pwani kwa jumla, hii ni kazi ya kila baada ya miezi michache, kwa sababu hewa ya chumvi haina likizo.

Baada ya kusafisha ndipo upime. Gari liwe limepumzika saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, mita itakuonyesha namba ya kujipendekeza. Volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 iko nusu, na ikishuka chini ya 12 imeisha. Ukiona 10.5 hata baada ya kuichaji vizuri, seli moja kati ya sita imekufa, na hapo ndipo muuza betri anapostahili hela yako.

Kama taa za dashibodi zinawaka vizuri lakini stata, mota inayozungusha injini ili iwake, haitoi hata mlio, usiguse betri. Kwa gari la otomatiki, sogeza gia toka P kwenda N ujaribu tena. Likiwaka, swichi ya usalama ya gia imechoka au imeingia uchafu. Halafu kuna alamu iliyofungwa baadaye na fundi wa mtaani. Nyingi zinakata waya wa stata na kuuungia kwenye rilei ndogo iliyofichwa chini ya usukani, ikazungushiwa tepu kama mzigo wa magendo. Rilei hiyo ikifa, gari limekufa. Fuata nyaya zote ambazo si za kiwandani. Utazijua kwa tepu inayonata na kwa rangi zisizofanana na za wenzake.

Tak! halafu basi

Hapa kipimo ni macho. Washa taa kubwa, geuza swichi ya kuwasha, na umwombe mtu asimame mbele ya gari akuambie taa zinafanya nini. Zikizimika kabisa au kufifia sana, tatizo ni betri au muunganisho. Zikibaki na mwanga ule ule huku stata ikisema tak moja na kunyamaza, tatizo limo ndani ya stata yenyewe.

Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi zina ugonjwa mmoja unaojulikana. Ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, kuna vipande viwili vya kopa ambavyo kisahani cha kopa kinaviunganisha kila unapowasha. Kila mara cheche inakula kidogo, na upande mmoja huliwa zaidi. Dalili yake ni ya kipekee: asubuhi tak, tak, tak, ya nne gari linawaka kama halikuwa na shida. Wiki inayofuata ni tak sita. Watu wengi hubadilisha stata nzima kwa ugonjwa huu, na wengine wanauziwa betri. Kumbe kopa zinauzwa peke yake, Gerezani kwa walioko Dar au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, na kazi yenyewe ni kuishusha stata, kufungua skrubu chache za kifuniko cha nyuma na kuzibadilisha. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kwenda huko, kwa sababu waya mnene wa stata una umeme muda wote, swichi iwe imezimwa au la.

Stata inazunguka kivivu

Betri imepimwa, ina 12.6, lakini injini inazunguka kwa kusuasua. Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. Dawa yake ni kupima volti inayopotea njiani, na haihitaji kufungua kitu.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja ibonyeze juu ya kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi, si kile kibanio chake. Ncha ya pili ibonyeze kwenye chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala mafuta. Mtu apige stata. Katika hali nzuri mita itaonyesha volti 0.2 au chini ya hapo. Ikionyesha 1 au zaidi, volti hiyo inapotea kati ya betri na injini na haifiki kwenye stata. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme betri, umeoza, au pale unapofungwa kwenye injini pana kutu. Rudia upande wa chanya: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye boliti nene ya stata, piga stata, isizidi kama 0.5. Halafu pima betri yenyewe stata inapozunguka. Ikishuka chini ya 9.6 hali imejaa, betri imezeeka hata kama ikipumzika inaonyesha namba nzuri.

Waya wa ethi unaweza kuwa mzima kwa nje na ndani umegeuka unga wa kijani. Ubonyeze na uupinde karibu na kichwa chake. Ukisikia unakatika-katika kama chumvi ya mawe, badilisha. Na kama kebo ya akseleta inapata joto unapopiga stata, umeme umekosa njia yake na unarudi kupitia hapo.

Betri inaisha usiku

Gari linawaka vizuri mchana, ukililaza siku mbili linakufa. Kuna kinachoinyonya betri. Taa ya buti ya wati 5 inayosahaulika ikiwaka inakula kama ampea 0.4, ambazo kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10. Betri ndogo ya ampea-saa 45 haitakuwa na nguvu ya kupiga stata siku ya tatu.

Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua mlango wa dereva, kisha kwa bisibisi bonyeza lachi ya kufuli mpaka ijifunge, au bana swichi ya mlango kwa tepu, ili taa ya ndani izime huku wewe ukiifikia boksi ya fyuzi. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, fungua waya wa hasi wa betri, na uiweke mita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye waya uliofunguliwa. Kuanzia hapo usigeuze swichi wala kupiga stata, mita itaungua. Subiri kama robo saa ili alamu na redio vilale. Gari zima linaruhusiwa kula hadi ampea 0.05 hivi, na mengi ya umri huu yanakula chini ya hapo. Ukiona 0.3 au 0.5, anza kuchomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Namba ikianguka umepata njia. Ikianguka kwa fyuzi iliyoandikwa DOME, washukiwa ni taa ya ndani, taa ya buti na redio. Redio za Kichina zenye skrini kubwa zinaongoza, hasa pale fundi alipounga waya wa kumbukumbu na waya wa swichi pamoja ili "isisumbue".

Umechomoa zote na namba haijaanguka? Nenda kwenye alteneta, mashine inayochaji betri. Waya wake mnene haupiti kwenye zile fyuzi ndogo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, iguse kwa kiganja. Injini yote ya baridi na alteneta ina uvuguvugu: diodi yake, inayopaswa kuruhusu umeme upande mmoja tu, inavujisha umeme usiku kucha.

Taa nyekundu ya betri

Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa hii lazima iwake. Isipowaka kabisa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu utaendesha mpaka gari lizime barabarani bila onyo. Ikiwaka na kuzima baada ya injini kushika, ni sawa. Ikibaki imewaka, pima betri injini ikinguruma: kati ya 13.8 na 14.5 ni nzuri. Washa taa kubwa na feni, isianguke chini ya 13.3 hivi. Ukiona 12 na pointi zake zinashuka taratibu, hakuna kinachochajiwa.

Anza na mkanda. Ukilegea hupiga mluzi asubuhi au unapowasha taa. Kisha plagi ndogo nyuma ya alteneta, ambayo mafuta na vumbi huilegeza, na fyuzi yake, ambayo kifuniko cha boksi kitakutajia. Vikiwa sawa, kaboni zimeisha au katauti (kidhibiti cha volti) imekufa, na vyote viwili hubadilishwa bila kununua alteneta nzima. Kinyume chake, mita ikivuka 15, katauti imeacha kudhibiti: maji ya betri yanakauka, balbu zinaungua ovyo, na boneti ukilifungua kuna harufu ya mayai viza.

Kuna jaribio moja linapendwa gereji za mtaani: injini inanguruma, fundi anachomoa waya wa betri, gari likiendelea kunguruma anasema alteneta nzima. Usikubali. Betri ndiyo inayotuliza volti za alteneta. Ukiiondoa ghafla volti hupanda mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na zinaweza kuua diodi, katauti, au kontroli boksi (kompyuta) ya injini, ambayo bei yake ni habari nyingine. Mita inakupa jibu lile lile kwa sekunde tano.

Taa zilizochanganyikiwa

Unakanyaga breki, indiketa inafifia. Unawasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa pamoja nayo. Huu ni ugonjwa wa ethi ya taa ya nyuma, karibu kila mara. Umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi hujipenyeza kupitia balbu ya jirani. Toa taa, tafuta waya mweusi au mweupe wenye mstari mweusi unaoishia kwenye boliti ya bodi, sugua mpaka chuma kionekane, funga upya. Hakikisha pia aliyebadilisha balbu ameweka ya nyuzi mbili, 21/5, na si ya uzi mmoja iliyolazimishwa kuingia.

Indiketa inayokwenda mbio upande mmoja: balbu imeungua upande huo, au umeweka za LED. Taa kubwa hafifu: pima volti kwenye soketi ya balbu ikiwa imewaka. Betri ikiwa na 12.5 na kwenye soketi 10.8, njia imechoka. Waliofunga balbu za wati 100 kwenye nyaya zilizotengenezwa kwa za 55 na 60 watakuta soketi imegeuka rangi ya kahawa.

Usiiamini mno mita kwenye waya wa zamani. Waya uliobakiwa na uzi mmoja ndani bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita yenyewe haivuti kitu. Taa ya kupimia inavuta, na itawaka kwa unyonge. Ndiyo maana nashauri kuwa na vyote viwili. Ila taa ya kupimia usiipeleke kwenye nyaya za kontroli boksi, wala kwenye plagi za njano zilizo chini ya usukani: zile ni za eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), na hazichezewi.

Fyuzi inayokatika kila ukiiweka

Badala ya kumaliza pakiti ya fyuzi, chukua moja iliyoungua, unga nyaya mbili kwenye miguu yake, na mwishoni funga balbu ya wati 21. Ichomeke pahali pa fyuzi. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote, lakini haitaruhusu zaidi ya ampea 2 kupita, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Sasa chomoa kifaa kimoja kimoja cha mstari ule, kisha tembea na nyaya ukizitikisa. Balbu ikizima au kupepesa, mkono wako umeshika penye ugonjwa. Anza na sehemu zinazocheza: bawaba za mlango, kifuniko cha buti, chini ya kapeti penye reli ya kiti, na nyaya zinazopita juu ya gia boksi. Chini ya boneti tafuta pia alama za meno, panya wanapenda injini ya moto usiku wa mvua.

Ukipata waya uliochubuka, usiuzungushie tepu tu. Kata, unga upya kwa risasi, vika mpira unaobana kwa joto, kisha ufunge mbali na kile kilichokuwa kinausugua.

Inazunguka vizuri lakini haishiki

Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ya njano haiwaki kabisa? Kontroli boksi haipati umeme: angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kielektroniki wa mafuta) na rilei yake. Rilei unaweza kuijaribu kwa kubadilishana na ya honi, kama umbo na namba zake vinafanana. Taa ikiwaka, sikiliza sauti ya pampu ya mafuta kule nyuma mtu anapopiga stata, na ukiikosa, rudi kwenye rilei. Zaidi ya hapo ni cheche na mafuta, somo jingine.

Vioo na honi

Kioo kimoja cha mlango kimekufa na swichi kuu ya dereva haikiamshi: jaribu swichi ya mlango husika. Vyote vimekufa: vuta ule mpira wa nyaya kati ya mlango wa dereva na bodi, maana huko waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, mpaka ukatike ndani ya ganda lake. Honi ikifa siku moja na taa ya eabegi kuwaka, vyote viwili vinapita kwenye utepe mmoja unaojizungusha nyuma ya usukani. Huo umekatika. Kuufikia ni lazima eabegi itolewe, kwa hiyo hapo mpe fundi umeme mwenye uzoefu nao, na betri iwe imefunguliwa kabla hajaanza.

Maji yakiingia ndani wakati wa masika mpaka kwenye viti, usigeuze swichi kujaribu. Fungua hasi ya betri, inua kapeti, chomoa plagi zote zilizolowa, zioshe kwa maji masafi kama yalikuwa ya bahari, na uziache wazi mpaka zikauke kabisa.